Isale kwa Mtu wa Songea

Flavia aliisubiri siku hii mwaka mzima, na ilipofika aliamka na furaha mbaya, ile isiyomwacha mtu akala vizuri. Alionja mtori wa ndizi kidogo akalisukuma bakuli pembeni, kisha akamwambia mama yake kwamba anampeleka mgeni wake kuoga kwenye chemchemi ya Chemka.

"Leo?" Mama Flavia aliuliza. Alikuwa akichuja mbege, pombe ya ndizi, mikono imelowa hadi viwikoni. "Leo wanakuja watu wa kina Ronald. Si ni wewe mwenyewe uliyesema waje leo?"

"Nilisema waje, mama. Sikusema nitakuwepo."

Mama aliacha kuchuja. "Mwanangu, Mzee Evaristo anakuja na isale."

"Ndiyo maana naondoka."

Hapo Uru, kwa Wachagga wa Kilimanjaro, hakuna asiyejua kazi ya isale. Mtu akikukosea, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, akakata jani lile refu la kijani, akalifunga fundo na kukuletea mbele ya watu, huna ujanja, unasamehe. Kulikataa ni kujitafutia laana, na hata wasomi wanaosema hawaamini mambo hayo hawajaonekana wakijaribu. Tangu Flavia apande kutoka Dar kwa ajili ya Krismasi, Ronald alikuwa akimwinda na jani lake kila mahali. Alimngoja nje ya kanisa, Flavia akatokea mlango wa wanakwaya. Alimvizia dukani njia panda, Flavia akapita katikati ya migomba ya watu akaja kutokea nyumbani na matope hadi magotini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu binti alikuwa ameumwa kweli.

Ilikuwa Desemba kama hii, mwaka jana. Mbege ilikuwa imeiva, mbuzi amechinjwa, majirani wamejaa uani, na baba yake Flavia amevaa koti alilofungia ndoa, kwa sababu watu wa Ronald walikuwa wanakuja kuposa. Wakangoja, baba amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba. Chakula kikapoa. Wazee wakaanza kuzungumzia bei ya kahawa ili wasizungumzie jambo lenyewe. Halafu ikaingia picha kwenye simu ya Flavia, ikaingia na kwenye simu za nusu ya wageni: Ronald ufukweni Zanzibar, miwani ya jua usoni, na msichana anayeitwa Evelyn amemlalia begani. Nyuma yake ukafuata ujumbe mfupi. "Nisamehe. Nahitaji kupumzika kwanza."

Mwanaume alikuwa ameenda likizo siku ya posa yake. Baba yake Flavia alivua koti, akalikunja, akaingia ndani bila kumuaga mtu.

Sasa Evelyn alishamchoka, na Ronald alikumbuka kwao. Alituma watu kuuliza ni lini anaweza kuja kuomba radhi rasmi, na Flavia akajibu kwa upole uliomshangaza hata shangazi yake: waje siku ya pili ya Krismasi, waje wengi, waje na mbege yao. Majirani wote wakaalikwa, wale wale wa mwaka jana. Kila kitu kiwe vile vile, isipokuwa safari hii atakayekaa kwenye benchi akingoja ni Ronald, na picha itakayoingia kwenye simu za watu itakuwa ya Flavia.

Kwa picha hiyo ndipo alipohitajika Mathew.

Mathew alikuwa mtu wa Songea, mfanyakazi mwenzake kwenye ofisi ya bima huko Dar, kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu. Miaka yote alikuwa akisema kwamba kabla hajafa anataka kuuona Mlima Kilimanjaro kwa macho yake. Flavia alipomwambia, "Chukua likizo Desemba, twende kwetu," aliosha gari mara mbili na kununua jaketi zito kwenye mitumba. Na safari ya Desemba mnaijua. Wachagga wote wa Dar wamo barabarani siku moja, foleni inaanzia Kibaha, hoteli za njiani zimeisha chakula, na kuingia chooni ni kupanga mstari. Walipofika Same gari lilichemsha. Mathew alikaa juu ya jiwe kwenye jua kali, jaketi lake mapajani, akingoja injini ipoe.

"Flavia, hivi hii ndiyo likizo yenyewe?" aliuliza.

"Likizo inaanza ukifika."

"Basi sina haraka. Mimi yangu imeshaanza," alisema akimtazama, na Flavia akageuza uso akajifanya anatafuta chupa ya maji.

Kisha mlima nao ukamfanyia jeuri. Tangu afike ulikuwa umejifunika mawingu. Kila asubuhi alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma ya zizi la ng'ombe na kutazama juu. "Umeamka?" alikuwa akiuliza, na baba yake Flavia akimjibu, "Bado umelala, baba. Mlima wetu hauna adabu kwa wageni." Mzee alimpenda kijana huyu. Shangazi Hilda ndiye aliyenuna.

"Songea," alisema jikoni, akimenya ndizi kana kwamba zimemkosea. "Ukifa huko tutakuja kukuzikaje? Watu wanazikwa kihambani kwao."

"Shangazi, sijaolewa na umeshanizika."

"Nakuuliza tu. Kijana mwenyewe hata mbege anakunywa kama dawa."

Flavia alicheka, akawaacha waamini wanachotaka. Kitu ambacho hakumwambia shangazi, wala baba, wala Mathew mwenyewe, ni kwamba alikuwa amemleta mtu awe fimbo ya kumchapia mtu mwingine.

* * *

Ukiacha lami pale Bomang'ombe, njia ya Chemka ni vumbi tupu. Walifika kope na nyusi zimekuwa nyeupe, wakacheka wakionyeshana vidole. Chini ya mitini mikubwa maji yalikuwa ya buluu, safi hadi unahesabu mawe, na watu wa sikukuu walikuwa wamejaa, wengine wakining'inia kwenye kamba na kujirusha. Mathew aliingia maji polepole kama mtu anayeingia kanisa asilolijua. Visamaki vikaanza kumdonoa miguu, akaruka, kisha akatulia akitabasamu.

"Nikirudi ofisini nitasema nini?" alisema. "Nilikwenda kuona mlima, nikaliwa miguu na samaki, na nilifurahi."

Kwa muda kidogo Flavia naye alisahau kilichomleta. Alielea chali, akatazama matawi, akasikia mkono wa Mathew umemshika chini ya mgongo asizame, bila kumbana, bila kuomba kitu. Ingekuwa siku nyingine angefumba macho na kubaki hapo hadi jioni. Lakini alijua kwamba saa hiyo watu wa Ronald walikuwa wanavuka mto na vibuyu vyao, na moyo wake ukarudi kwenye kazi.

"Tupige picha," alisema.

Alimpa simu dada mmoja aliyekuwa kando ya maji. Mathew akasimama pembeni yake kama yuko kwenye picha ya kitambulisho.

"Nishike kiuno," Flavia alimwambia. Akamshika. "Usitazame simu. Nitazame mimi."

"Wewe hilo huhitaji kuniambia."

Ikapigwa. Flavia akaiangalia, akatikisa kichwa. "Tena. Nisogelee zaidi. Ucheke, lakini usicheke sana."

Ikapigwa ya pili, na nyingine, na nyingine. Mathew alikuwa akifurahi mwanzoni. Kisha akaanza kumwangalia usoni kwa namna nyingine, kwa sababu kila mara picha ilipopigwa Flavia alikimbilia simu, na tabasamu alilokuwa nalo liliishia hapo hapo. Alichagua moja, akaandika chini yake, akaituma kwa Ronald na kwenye kundi la majirani wa kitongoji. "Nisamehe. Nahitaji kupumzika kwanza."

Simu ililia kabla hajajifuta maji. Ilikuwa ni mama, na mama siku zote huongea na simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Flavia, wamefika. Mzee Evaristo ameshika isale mkononi, hataki kukaa. Ronald ameiona hiyo picha, watu wote wameiona. Baba yako ananiuliza umefanya nini. Sasa huyo Mathew umemkokota kutoka Dar kwa ajili ya kumkomoa Ronald tu? Mtoto wa watu amekukosea nini?"

Flavia alibonyeza simu akaikata. Alikuwa amechelewa. Mathew alisimama hatua moja nyuma yake, taulo mkononi, na kila neno lilikuwa limemfikia.

"Ronald ndiye nani?" aliuliza.

Alimweleza. Alieleza haraka, posa, benchi, Zanzibar, koti la baba, isale lisilokataliwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona kwamba maneno yote ni ya kweli na bado hayamsaidii.

Mathew alisikiliza hadi mwisho. Akalikunja taulo vizuri. "Kwa hiyo ulipokuwa unaniambia nikutazame, nilikuwa nakutazama kwa ajili ya Ronald."

"Mathew, usiseme hivyo."

"Mimi nilidhani niko likizo. Kumbe niko kazini."

Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Aliokota viatu vyake akaelekea kwenye gari. Njia nzima aliendesha kwa uangalifu, akipunguza mwendo kwenye matuta, na walipoingia Moshi mjini hakuinua hata jicho kutazama upande ambao mlima ungekuwa.

* * *

Uani kwa kina Flavia watu walikuwa wamejaa kuliko mwaka jana, maana habari ilikuwa imepanda na kushuka vijiji vyote. Ronald alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao mbele ya nyumba, suti imemkaa vibaya kwa joto, macho yamemvimba. Alikuwa amekonda. Baba mkubwa wake, Mzee Evaristo, alisimama pembeni, jani la isale limelala kwenye viganja vyake viwili.

Flavia alishuka na nywele mbichi. Vikombe vya wanawake vikabaki hewani. Hii ndiyo picha aliyokuwa akiichora kitandani usiku mwingi, mtu huyu, benchi hili, macho haya yote, na nisiwadanganye, ilikuwa tamu. Aliisikia ikimshuka kooni kama mbege ya kwanza.

"Shikamooni," alisema kwa wazee.

"Marahaba."

Ronald alisimama. "Nimeiona picha."

"Nilitaka uione."

"Nilistahili. Nimekaa hapa tangu mchana, kila anayepita ananitazama. Nimejua sasa baba alikaa vipi." Alimgeukia mzee wa nyumba. "Baba, nisamehe."

Baba yake Flavia alitazama vidole vyake.

Mzee Evaristo akasogea, akainamisha kichwa chenye mvi mbele ya msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. "Binti yangu," alisema, "kijana wetu amekukosea wewe, amewakosea wazazi wako, na sisi ametuvua nguo mbele ya Uru nzima. Hatuna la kujitetea. Isale hili hapa."

Tangu apande kutoka Dar, Flavia alikuwa akilikimbia jani hili. Sasa miguu haikutaka kukimbia. Alikuwa amechoka, na nyuma yake alisikia buti la gari likifunguliwa. Akanyoosha mikono miwili, akalipokea.

"Nimesamehe," alisema. "Mbele ya Mungu na mbele yenu."

Vigelegele vikapanda. Ronald alifumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo, kisha akayafungua, akapiga hatua na kuushika mkono wake. "Flavia, sasa tunaweza kuanza upya. Mwezi wa pili nakuja kuposa. Safari hii hata nikiugua nitabebwa."

Flavia aliutoa mkono wake, taratibu. "Isale linaleta msamaha, Ronald. Halileti mchumba."

"Lakini umelipokea."

"Nimelipokea, na nimekusamehe kweli. Ukinikuta njiani nitakusalimia. Ukifiwa nitakuja kulia nawe. Mke katafute kwingine."

Mama mmoja alicheka akaziba mdomo kwa kanga. Ronald alimgeukia baba mkubwa wake, macho yakiomba msaada, na mzee akatikisa kichwa.

"Anasema kweli," Mzee Evaristo alisema. "Jani lina kazi moja tu, na imekwisha."

Ronald akakaa tena kwenye benchi. Kisasi gani kingezidi hicho? Lakini Flavia hakukaa kukitazama, kwa kuwa buti la gari lilikuwa limefungwa na Mathew alikuwa akizunguka wazee akiwaamkia mmoja mmoja, anawaaga kwa adabu kama alivyofundishwa kwao.

Flavia alipita nyuma ya zizi, akateremka hadi kwenye mpaka wa kihamba ambako masale yamepandwa tangu enzi za babu, akakata jani moja. Fundo lilimshinda mara mbili, akalikaza hivyo hivyo. Aliporudi Mathew alikuwa ameshaingia garini, kioo kimeshushwa.

Flavia alimnyooshea jani kwa mikono miwili.

Mathew alilitazama. "Ndilo lile?"

"Ndilo."

"Lisilokataliwa."

"Ukilikataa unapata laana."

"Mimi si wa huku, Flavia. Laana za Uru hazinijui hata jina." Hakuwa anatania. "Kwetu mtu akikosa anafungua mdomo. Anasema alichofanya, bila kukifunika."

Hapo ndipo Flavia alipoona ugumu wa jambo. Jani ni jepesi kubeba. Alitazama watu wote waliokuwa wamekuja kumwona akishinda, akamwona shangazi yake na kisu cha ndizi mkononi, akamwona Ronald, kisha akarudisha macho kwa mtu wa Songea.

"Nilikudanganya," alisema. "Nilikuleta hapa uwe fimbo. Nilijua unanipenda, na nilikuchagua kwa sababu hiyo, maana mtu asiyenipenda asingetoka vizuri kwenye picha. Wewe ulikuja kuona mlima. Mimi nilikufanya kama nilivyofanywa mimi, na wewe hukuwa umenikosea kitu."

"Na pale majini, kabla ya picha?"

"Pale sikuwa namkumbuka mtu."

"Nitajuaje?"

"Hutajua. Hata mimi nilikuwa na hasira nyingi hata sikujua kama kuna kitu kingine chini yake. Sasa hasira imekwisha, Mathew, na kilichobaki ndicho kinachoniuma."

Mathew aliweka mikono kwenye usukani. Mwishowe akalichukua jani, akaliweka mbele kwenye dashibodi.

"Nimelipokea kwa sababu umelishika muda mrefu," alisema. "Sijasema nimesamehe. Kaa salama. Mwambie mzee nashukuru kwa chai."

Akawasha gari, akateremka njia ya mjini.

Wageni waliondoka kimya kimya, hakuna aliyejua kama ametoka kwenye msiba au sherehe. Ronald alipita na kusema "kwa heri," na Flavia akamjibu, kama alivyoahidi. Kisha akakaa kwenye benchi. Baba yake akaja akakaa kando yake.

"Benchi hili ni gumu," mzee alisema. "Mwaka jana nililijua. Leo yule kijana kalijua. Sikufikiria na wewe utakuja kulikalia."

"Baba, nimekuaibisha?"

"Ulipotuma picha, ndiyo. Ulipoongea pale garini, hapana."

Jioni ilianza kuingia na ubaridi wake. Mama aliwasha moto jikoni, moshi ukapita juu ya migomba, na mawingu ambayo hayakuondoka siku zote hizo yakaanza kujikunja kuelekea chini.

"Haya, angalieni," Shangazi Hilda aliita kutoka zizini, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na huruma. "Mlima huo umetoka. Mwenye kuutaka keshaondoka."

Flavia hakunyanyuka kuutazama. Alikuwa amemaliza kisasi chake chote, hakikubaki hata cha kuonja, na alichotaka ni kusikia gari likipanda kilima. Ndipo simu ilipotoa mlio mfupi, na mkono wake ukasita. Picha zilikuwa zimemletea mabaya mwaka jana, na leo yeye mwenyewe alikuwa amezipeleka.

Ilikuwa picha kutoka kwa Mathew, na haikuwa na neno hata moja. Ilipigwa kutoka kwenye kiti cha dereva. Lilionekana jani la isale na fundo lake lililofungwa vibaya, kioo chenye vumbi la Chemka, na mbele ya kioo, juu kabisa ya barabara, kilele cha Kibo chote, cheupe, bila wingu.

Flavia aliitazama sana. Mtu anayekwenda Dar akishaupita mji huupa mlima kisogo. Huyu alikuwa ameuelekea, maana yake alikuwa amegeuza gari.

"Mama," aliita. "Mtori umebaki?"

"Umebaki. Si uliukataa asubuhi? Wa nani sasa?"

"Upashe moto," Flavia alisema, akanyanyuka kwenye benchi. "Wa mgeni."